Ubuyu wa Aiskrimu Isiyo na Maziwa: Nani Aliyatoa, na Alituwekea Nini?

Wadau, ubuyu wa leo una baridi kidogo, sogeeni.

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina lake nalifungia kabatini, juzi kati kaposti kopo la aiskrimu ya kutoka nje. Lebo inasema haina maziwa, imetengenezwa kwa nazi. Chini ya picha kaandika neno moja tu, "dayati", na kialama cha moyo. Komenti zikafurika. Wengine wanauliza duka, wengine bei, na mabinti kama watano hivi wakaandika kwamba sasa wamepata cha kula badala ya chakula cha usiku. Hao watano ndio walionifanya niandike. Staa mwenyewe sina ugomvi naye, hela ni yake na kiuno ni chake.

Maana hii habari ya kutoa maziwa kwenye aiskrimu ni ya kitambo, na ukiifuatilia unagundua kwamba waliokuwa wanayatoa walikuwa na sababu zao nyingine kabisa: vita, bei, dini, tumbo. Habari ya kupunguza mwili ilikuja baadaye, ikaletwa na matangazo. Na kila maziwa yalipotoka, kuna kitu kingine kiliingia kuziba nafasi. Hicho kilichoingia ndicho cha kuulizia.

Tuanze na neno ambalo tayari unalo mdomoni: sharubati. Sisi tumelipata kwa Waarabu. Huko Uarabuni na Uajemi watu walikuwa wanakunywa sharbat, yaani maji ya matunda yenye sukari na manukato ya maua, miaka mingi kabla mtu hajaota friji. Waajemi walikuwa na majengo ya udongo yenye paa la kuba, wanaweka humo barafu ya majira ya baridi, wanaitumia joto likipamba moto. Neno likapita Uturuki, likafika Italia likawa sorbetto, Ufaransa likawa sorbet. Kwa hiyo ukikaa hotelini ukaletewa sorbet ya embe kwa bei ya kukutoa roho, ujue umeuziwa sharubati iliyogandishwa, ila jina limeenda Ulaya kutalii likarudi na lafudhi.

Kugandisha kwenyewe kulitegemea ujanja mmoja: barafu ukiichanganya na chumvi, baridi yake inashuka mbali chini ya sifuri. Unazamisha humo chombo chenye sharubati, unakoroga mpaka ishikane. Mjini Naples alikuwepo jamaa anaitwa Antonio Latini, msimamizi wa meza kwenye nyumba ya kigogo mmoja wa utawala wa Kihispania. Kitabu chake cha mapishi kilitoka kati ya 1692 na 1694, na ndani yake kuna sorbetto za limau, za stroberi, za chokoleti. Ya maziwa ipo pia, ila ni moja kati ya nyingi. Kwa watu wale kitu cha kugandishwa kisicho na maziwa hakikuwa "mbadala" wa chochote. Kilikuwa chenyewe.

Kilishe, sorbet ni kitu rahisi kukielewa: maji, sukari, tunda. Mafuta hamna, protini karibu hamna. Gramu 100 za sorbet ya kawaida zina sukari kama gramu 25, na nyingine zinapita hapo. Usidhani mpishi ana roho mbaya. Sukari inafanya kazi mbili. Kwanza inazuia maji yasigande yote, bila sukari utapata jiwe la kuvunjia meno. Pili, ulimi ukipoa hausikii utamu vizuri, kwa hiyo ili kitu cha baridi kiwe kitamu lazima kitiwe sukari nyingi kuliko juisi ileile ikiwa ya kawaida. Jaribu mwenyewe: acha aiskrimu iyeyuke kabisa halafu inywe. Utashtuka.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 50, na ile bora ni gramu 25. Umeona hesabu ilipoangukia? Bakuli moja dogo la sorbet, bila mafuta, bila maziwa, tayari umeimaliza ile bora.

Sasa turuke hadi Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu hapo maziwa yalifukuzwa kwa amri. Uingereza ilikuwa inapewa chakula kwa mgao. Maziwa, siagi na sukari vilitakiwa kwingine, na mwaka 1942 serikali ikapiga marufuku kabisa kutengeneza aiskrimu. Zipo picha za watoto wa Kiingereza wa wakati ule wameshika karoti zilizochomekwa kijiti wanazilamba kama koni. Unacheka, lakini ukiniuliza kilishe ni kipi kilikuwa bora kati ya vyote nitakavyovitaja leo, karoti ile inawashinda wengi.

Marufuku iliondolewa kabla vita havijaisha, ila mafuta ya kula yaliendelea kuwa ya mgao hadi 1954. Wenye viwanda wakafanya kilichowezekana: unga wa maziwa, sukari, na badala ya krimu, mafuta ya mimea. Sheria ikawakubalia. Uingereza iliweka kiwango cha mafuta bila kulazimisha yatoke kwa ng'ombe, na kwa miongo mingi neno aiskrimu peke yake, bila neno la maziwa mbele yake, lingeweza kumaanisha aiskrimu ya mafuta ya mawese. Kizazi kizima kimekua kinaipenda hivyo hivyo.

Hapa ndipo hadithi inapokuja nyumbani, na wengi shuleni tulisomeshwa nusu yake. Unaukumbuka mradi wa karanga wa Kongwa? Tuliambiwa Waingereza walikuja kulima karanga Tanganyika wakashindwa, basi, kengele ikalia. Kwa nini karanga? Kwa sababu ya njaa ileile ya mafuta. Uingereza baada ya vita haikuwa na mafuta ya kutosha ya kupikia na ya kutengenezea majarini. Wazo lilitoka kwenye United Africa Company, ambayo ilikuwa mali ya Unilever, na Unilever hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na viwanda vya majarini na aiskrimu za Wall's. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Ukaanza 1947. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Mibuyu ya Kongwa ikawagomea, udongo ukikauka ukawa kama saruji, mvua nayo ikafanya yake. Mwaka 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 35 zimekwenda na upepo.

Sisemi karanga za Kongwa ziliingia kwenye koni ya mtoto wa London, karanga zenyewe zilipatikana chache mno. Ninachosema ni kwamba mafuta ya mimea kwenye vyakula vya Ulaya hayakuanza na watu wa yoga. Yalianza na serikali kukosa siagi, ikapeleka macho kwenye makoloni: mawese ya Afrika Magharibi, nazi za Asia, na mashamba ya Mgogo. Mbuyu wetu nao umo kwenye hadithi hii, ingawa sehemu yake ilikuwa kukataa kung'oka.

Marekani nao walikuwa na yao. Miaka ya 1950 kukatokea kitu kinaitwa mellorine: aiskrimu ambayo mafuta ya maziwa yametolewa, yakawekwa ya mimea au ya wanyama wengine, ikauzwa bei chee hasa majimbo ya kusini. Wafugaji wa ng'ombe wakaja juu. Kilichonifurahisha ni sheria iliyokuja kuandikwa. Aiskrimu kamili lazima iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa. Mellorine ikaambiwa iwe na mafuta angalau asilimia 6, protini angalau asilimia 2.7 yenye ubora wa protini ya maziwa, na, sikiliza hii, itiwe vitamini A. Unaona walichokiwaza? Mafuta ya maziwa huja na vitamini A ndani yake. Ukiyatoa, vitamini imeondoka nayo, na mtoto wa mtu masikini anayenunua ya bei rahisi ndiye atakayeikosa. Kwa hiyo ukitoa, rudisha.

Naomba uishike hiyo, kwa sababu makopo ya siku hizi yasiyo na maziwa kabisa hayaitwi aiskrimu wala mellorine kisheria kule, yanaitwa "frozen dessert", na masharti yale ya protini na vitamini A hayayahusu. Hata hapa kwetu ukigeuza baadhi ya makopo ya bei nafuu utakuta maneno hayo. Hayamaanishi sumu, usianze kusambaza voisi kwenye magrupu. Yanamaanisha mafuta yake si ya maziwa, au si yote. Na mara nyingi unga wa maziwa bado umo, kwa hiyo mwenye mzio wa maziwa asidanganyike na neno hilo.

Kwa nini hasa nazi na mawese, na si alizeti? Aiskrimu ni hewa iliyoshikwa. Kule Marekani galoni moja inaruhusiwa kuwa na uzito wa ratili 4.5, kama kilo 2, ambayo maana yake ni kwamba karibu nusu ya chombo inaweza kuwa upepo mtupu. Kinachoshika vipovu vya hewa ni chembe za mafuta yaliyoganda. Mafuta ya alizeti hayagandi kirahisi, kwa hiyo hayashiki. Yanayoganda ni yale ambayo wataalamu wa lishe wanatuambia tuyapunguze kwa ajili ya moyo. Mafuta ya nazi na ya punje za mawese, zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo. Ya maziwa ni asilimia 60 na kitu. Kwa kipimo hiki ng'ombe kamshinda mnazi, na mimi mtoto wa pwani nasema hivyo kwa uchungu.

Halafu kuna Wayahudi wa New York. Sisi tuna halali, wao wana kosher, na moja ya masharti yake ni kutochanganya nyama na maziwa kwenye mlo mmoja. Umekula nyama, aiskrimu ya maziwa huli. Kule Buffalo kampuni ya Rich ilitengeneza krimu ya soya mwaka 1945, na 1951 ikatoa aiskrimu ya soya. Lakini aliyelipua mji ni David Mintz, mwenye mgahawa wa kosher. Alikuwa anatafuta kitu cha kuwapa wateja baada ya nyama. Akakutana na tofu, ile jibini laini ya soya, akahangaika nayo miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingiza sokoni Tofutti.

Hapo ndipo sababu ilipobadilishwa njiani. Mwaka 1984 Marekani nzima ilishikwa na hofu ya kolesteroli, hadi jarida la Time likaweka jaladani sura ya huzuni iliyotengenezwa kwa mayai mawili ya kukaanga na kipande cha nyama. Tofutti ikawa ndiyo jibu: haina maziwa, haina kolesteroli. Watu wakapanga foleni. Yote mawili ni kweli, tatizo ni kwamba kolesteroli haipo kwenye mmea wowote. Hata mafuta ya kukaangia chipsi pale kituoni hayana. Ndani ya kopo kulikuwa na tofu, ndiyo, lakini pia mafuta ya mimea na sukari za kutosha kuifanya iwe laini na tamu. Kitu kilichobuniwa ili mtu aliyekula nyama apate cha mwisho kitamu, kikauzwa kama chakula cha mgonjwa wa moyo na cha mwenye kutaka kupungua.

Sababu ya tumbo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi, na mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja. Kwa watu wengi duniani, kama theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua utotoni. Ukinywa maziwa, laktosi inafika utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanafanya sherehe, wewe unapata gesi na kukimbia chooni. Wazungu wa Ulaya ya kaskazini wengi hawana shida hiyo, ndiyo maana kwa muda mrefu vitabu viliona kuivumilia laktosi ndio ukawaida. Katikati ya miaka ya 1960 utafiti wa Baltimore ukaonyesha tofauti kubwa kati ya Wamarekani weusi na weupe. Na mwaka 1966 ukatoka mwingine, wa Kampala. Uligundua kwamba Waganda wengi watu wazima kimeng'enya hicho hawana, wakati watu wa jamii za wafugaji, Wahima na Watutsi, wengi wanacho. Mwaka 2007 watafiti waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wakaonyesha kwamba wafugaji wa huku kwetu walipata uwezo huo kwa mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba, tofauti kabisa na yale ya Wazungu.

Kwa hiyo kama wewe si wa ukoo wa ng'ombe na kila ukila koni unajuta usiku, huna kasoro yoyote, uko upande wa walio wengi. Kwako aiskrimu isiyo na maziwa ina faida ya kweli. Ila angalia unachokiacha mezani. Aiskrimu ya vanila ya kawaida, gramu 100, ina kalori kama 207, mafuta gramu 11, sukari 21, protini 3.5, na kalsiamu miligramu 128. Tui la nazi zito, gramu 100, lina mafuta 24, na 21 kati ya hayo ni yale ya kuganda. Protini 2. Kalsiamu 16 tu. Viwandani huliongezea maji, halafu sukari, kwa hiyo makopo yanatofautiana, lakini kalsiamu ya nazi haiongezeki kwa kusifiwa. Soya ndiyo inayokaribia maziwa kwa protini. Lozi ukisikia jina unadhani umekula lozi, kumbe kinywaji chake ni maji mengi na lozi kidogo, mara nyingi protini haifiki gramu 1. Oti, iliyotokea chuo kikuu cha Lund huko Sweden miaka ya 1990, inatengenezwa kwa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana ni tamu hata kabla ya kutiwa sukari. Ben & Jerry's walipoingia mwaka 2016 walianza na lozi. Korosho nazo zimo siku hizi, na nyingi zinazotoka kwetu zinapita bandari ya Mtwara zikiwa ghafi. Bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya zile karanga za Waingereza. Dunia ndogo.

Wale mabinti watano sasa. Dada zangu, kopo la nazi badala ya chakula cha usiku ni mafuta ya kuganda na sukari, protini hamna, kalsiamu hamna, na saa nne usiku utakuwa unafungua friji. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake wana kalsiamu na protini. Mtindi wengi wenye shida ya laktosi wanauvumilia vizuri kuliko maziwa, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Kula hivyo, halafu aiskrimu iwe starehe ya Jumapili, ya nazi au ya ng'ombe, utakayo. Ukishika kopo, nenda nyuma kwenye jedwali, soma safu ya gramu 100 na siyo ile ya "kipimo kimoja", maana kipimo chao ni vijiko vitatu vya mtu anayeringa. Angalia sukari, angalia mafuta ya kuganda, angalia kama kalsiamu imeongezwa. Neno la mbele ya kopo liache limpendeze mpiga picha.

Na jamani, aiskrimu isiyo na maziwa tumekula wote tukiwa na sare za shule: barafu za ubuyu, za ukwaju, za embe, kwenye kifuko, unang'ata kona unafyonza. Unga wa ubuyu wenyewe una vitamini C, nyuzinyuzi na kalsiamu. Shida ni kwamba kwenye kifuko kile ubuyu ni kidogo, sukari ni nyingi, na ule wekundu si wa mbuyu, ubuyu una rangi ya krimu iliyopauka. Nimejaribu kutengeneza nyumbani: maji yaliyochemshwa, ubuyu mwingi hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi, sukari nusu ya ile ya dukani, rangi hamna. Inaganda kuwa ngumu kidogo kwa sababu sukari ni kidogo, itoe dakika kumi kabla. Mdogo wangu kasema haina ladha ya barafu, ina ladha ya ubuyu.

Kama kuna mdau anamjua mtu anayeuza barafu za ubuyu zisizo na rangi maeneo ya Temeke au Mbagala, adondoshe mtaa hapo kwenye komenti. Na anayemjua yule staa, asimtag.